Picha ya kichwa ni safi, mbona mwanangu bado anaumwa?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Wiki tatu zilizopita waligongana vichwa na mwenzake wakigombea mpira wa juu. Hakuzimia, ila alikaa chini akawa anauliza goli limefungwa na nani, akijibiwa anauliza tena. Jioni akatapika mara moja. Hospitali walimpiga picha ya CT, wakasema iko safi, wakampa Panadol. Nikamchukua nyumbani. Nimemlaza chumbani, mapazia nimeshusha, simu nimemnyang'anya, hafanyi kazi yoyote. Wiki ya kwanza nilikuwa namwamsha kila saa usiku kwa sababu niliambiwa akilala sana anaweza asiamke. Kichwa kimepungua lakini hakijaisha, hasa akisoma. Anasahau, anakasirika kwa vitu vidogo, juzi amemjibu bibi yake vibaya mpaka nyumba nzima ikanyamaza. Baba yake anasema picha ni safi, kwa hiyo anadeka, arudi shule. Mwalimu wa michezo anamsubiri kwenye mazoezi ya UMISSETA. Bibi yake anasema haya si ya hospitali, apelekwe akaombewe. Mimi niko katikati. Je, ubongo umeharibika? Nimrudishe shule? Acheze?

JIBU: Mama, pole sana, na kijana naye mpe pole. Nianze na lile linalokunyima usingizi: katika maelezo yako sioni dalili ya ubongo ulioharibika. Naona mtikisiko wa ubongo ambao haujamaliza kupona, na naona nyumba ambayo kila mtu anampenda huyu kijana na kila mtu anamvuta upande wake. Siwezi kumpima kwa maandishi, kwa hiyo nitakuambia pia ni wakati gani unapaswa kuacha kusoma majibu kama haya na kwenda kumwona daktari ana kwa ana.

Baba yake amesema jambo moja la kweli, kwamba picha ni safi. Kasoro iko kwenye hitimisho lake. Picha ya CT hupigwa ili kutafuta damu iliyovuja ndani ya fuvu, mfupa uliovunjika, au ubongo uliovimba. Hayo ndiyo yanayoua, na madaktari walifanya vizuri kuyatafuta kwa kijana aliyetapika na kuchanganyikiwa. Lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye picha hiyo, kwa sababu tatizo lake liko kwenye utendaji wa seli, na seli moja moja mashine haizioni. Karibu kila kijana mwenye mtikisiko wa ubongo ana picha safi. Kwa hiyo msitafute pesa ya picha ya pili kwa ajili ya kuhakikisha tu. Ina mionzi, ina gharama, na bila dalili mpya itawajibu vilevile.

Na hili la kutozimia lisimpotoshe mtu. Chini ya mmoja kati ya kumi wanaopata mtikisiko ndio huzimia. Ulichokiona wewe ndicho kipimo chenyewe: mtoto kuuliza goli limefungwa na nani, akajibiwa, akauliza tena. Kwa dakika zile ubongo wake ulikuwa unasikia jibu bila kulihifadhi. Hakuna kijana anayeigiza hivyo katikati ya mechi anayotaka kuishinda.

Nieleze kinachotokea ndani, maana ukilielewa hili, maamuzi mengine mengi utayafanya mwenyewe bila kumuuliza mtu. Ubongo ni laini, nao umeelea kwenye maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga kitu na kusimama ghafla, ubongo unaendelea kwenda na kujipinda kidogo. Nyuzi nyembamba zinazounganisha seli zinavutika. Nyingi hazikatiki, lakini ngozi yake inalegea kwa muda: potasiamu inatoka nje ya seli, kalsiamu inaingia, na seli zinaanza kupigana kurudisha kila kitu mahali pake. Kazi hiyo inataka sukari na oksijeni nyingi kuliko kawaida. Balaa ni kwamba wakati huohuo damu inayofika kwenye ubongo inapungua. Watafiti wawili wa Los Angeles, Giza na Hovda, walieleza mtiririko huu mwaka 2001 na bado ndio tunaoutumia kuelewa ugonjwa.

Fikiria nyumba yenye LUKU. Matumizi yamepanda ghafla, pasi na friji na jiko la umeme vyote vimewashwa, na hakuna aliyenunua units. Nyumba haijabomoka wala nyaya hazijakatika, ila kila unapochomeka kitu kingine, units zinayoyoma. Hivyo ndivyo alivyo mwanao akifungua daftari. Ukurasa mmoja wa Baiolojia unaomchukua mwenzake dakika tano bila kuhisi kitu, kwake unakula akiba yote, kichwa kinaanza kuuma, na anachosoma hakishiki. Kusahau kwake kunatoka hapo: yaliyoingia zamani yapo, mapya ndiyo yanayoshindwa kuwekwa vizuri.

Sasa, wiki tatu ni nyingi? Hapana. Kwa vijana tunatarajia wengi wapone ndani ya wiki nne, na watu wazima huwatangulia kidogo. Kuna utafiti mkubwa wa Kanada, ulichapishwa mwaka 2016, uliofuatilia watoto na vijana zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na mtikisiko. Takriban watatu kati ya kumi bado walikuwa na dalili siku ya 28. Mwanao hajatoka nje ya kawaida. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba kichwa kimepungua. Hilo neno nililisoma mara mbili, kwa sababu mtikisiko unaopona hupungua polepole, hata kama una siku za kurudi nyuma. Kichwa kinachozidi siku hadi siku ni habari nyingine, nitaifikia.

Nije kwenye chumba chenye mapazia. Mama, hukubuni jambo hilo, wala usijilaumu. Kwa miaka mingi hata hospitalini wagonjwa waliambiwa hivyo, walale gizani mpaka dalili zote ziishe. Ushahidi umegeuza ushauri huo. Mwaka 2015 madaktari wa Wisconsin, Marekani, waliwagawa vijana wa miaka 11 hadi 22 katika makundi mawili: kundi moja lipumzike kabisa siku tano, jingine siku moja au mbili kisha lirudi taratibu kwenye shughuli. Waliopumzika zaidi ndio walioripoti dalili nyingi zaidi. Mwaka 2019 utafiti wa vijana wanamichezo wa miaka 13 hadi 18 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi mepesi ya mapafu na moyo, bila kuvuka kiwango kinachoamsha dalili, walipona kwa wastani wa siku 13, na waliofanya kunyoosha viungo tu siku 17. Wataalamu wa dunia waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wakayaweka haya kwenye mwongozo wao: punguza shughuli kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo bila kujifungia kitandani, na kutembea taratibu kunaruhusiwa hata ndani ya saa hizo.

Sababu yake si ngumu. Kijana wa miaka 16 aliyelazwa gizani wiki tatu atapata maumivu ya kichwa hata kama hakuna aliyemgonga. Misuli ya shingo inakaza, usingizi unavurugika, damu inazoea kulala kiasi kwamba akisimama anaona kizunguzungu, marafiki wanapotea, na anabaki na kazi moja tu: kusikiliza kichwa chake kinauma kiasi gani. Baada ya muda huwezi tena kujua kipi kimeletwa na mpira na kipi kimeletwa na chumba.

Simu nayo iko hivyohivyo. Kumnyang'anya siku mbili za kwanza ulifanya sahihi kabisa. Utafiti wa Massachusetts wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vijana walioachana na skrini kwa saa 48 za kwanza walipona mapema, siku tatu na nusu dhidi ya nane. Wiki ya tatu ni mambo mengine. Mrudishie, kwa vipindi vifupi, isiwe kitandani, isiwe baada ya saa tatu usiku. Aongee na wenzake.

Na kumwamsha usiku kila saa: hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Kuna damu inayoweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, mtu akaonekana mzima, akaenda kulala, hali ikabadilika bila mtu kujua. Tatizo ni damu hiyo, usingizi hauhusiki. Ndiyo maana saa 24 hadi 48 za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake. Zikipita salama, na picha ikiwa haina damu, mwache alale. Usingizi ni sehemu kubwa ya tiba yake, na ulivyomkatiza wiki nzima, sishangai hasira unazoziona. Wewe pia ulale.

Kesho asubuhi, basi, fungueni mapazia. Aamke saa ileile kila siku, hata Jumapili, anywe chai na kitu cha kushibisha, maana ubongo huu hauna akiba ya kuruka mlo. Kisha atembee dakika 15 au 20 kabla jua halijawa kali, mwendo ambao anaweza kuongea bila kuhema. Mtafutie daftari dogo. Kabla ya kutoka aandike kichwa kinauma kiasi gani kutoka 0 hadi 10, akirudi aandike tena. Kama kilikuwa 2 kikafika 3 au 4, na ndani ya saa moja kimerudi 2, kipimo kilikuwa sawa; kesho kutwa aongeze dakika tano. Kikiruka kutoka 2 hadi 6 na kubaki hivyo mpaka jioni, alizidisha, apunguze, asiache. Watu wengi hapa hukosea. Wanadhani maumivu kidogo ni ubongo unaumia upya. Siyo. Ongezeko dogo la muda mfupi halimdhuru, na anayelikimbia kila linapotokea hupona kwa kuchelewa.

Kusoma kunafuata kanuni ileile. Dakika 15 za kusoma, dakika 10 za kuinua macho, nje ikiwezekana. Aanze na masomo anayoyapenda. Hisabati iwe asubuhi kichwa kikiwa kipya.

Kuna kipimo kidogo unaweza kukifanya mezani. Shika kalamu mbele ya uso wake, kwa umbali wa mkono, umwambie aangalie ncha. Isogeze polepole kuelekea puani, naye aseme pale ncha inapogeuka kuwa mbili. Kwa kawaida kalamu hufika karibu sana na pua kabla ya hilo, sentimita 6 au chini yake. Kama anaona mbili ikiwa bado mbali, macho yake yanashindwa kukutana kwa kitu cha karibu. Hili ni la kawaida sana baada ya mtikisiko na ndilo linaloeleza kwa nini kunakili ubaoni kunawatesa: macho yanaruka kutoka mbali hadi karibu, karibu hadi mbali, mamia ya mara kwa kipindi kimoja. Mwalimu anaona mwanafunzi aliyeweka kalamu chini na kuinamisha kichwa, anasema mvivu. Lina mazoezi yake, na hurekebishika.

Shule ndiyo sehemu ngumu, hasa ya bweni. Kijana wa kutwa unaweza kumpeleka nusu siku ukamrudisha. Wa bweni akirudi, amerudi mzima mzima: kuamshwa alfajiri kukiwa bado giza, usafi, mstarini juani, vipindi mpaka alasiri, kazi za mikono, prepu mpaka usiku, halafu bweni lenye kelele. Kwa ubongo wenye akiba ndogo hiyo ni adhabu. Lakini kumweka nyumbani mpaka apone kabisa nako sikushauri, kwa sababu shule yenyewe ni sehemu ya kupona. Napendelea njia ya katikati: kama kuna ndugu anayekaa karibu na shule, aende kutwa kwa wiki mbili, siku za mwanzo vipindi vinne vya asubuhi tu. Kama hakuna ndugu, nendeni wewe na baba yake mkaongee na mkuu wa shule ana kwa ana, mkiwa na barua ya daktari. Simu kwa mwalimu wa darasa haitoshi. Mwalimu wa zamu hatajua, patroni hatajua.

Mambo ya kuomba kwenye barua hiyo ni haya, na hakuna shule inayoshindwa kuyatoa. Apewe nukuu zilizoandikwa badala ya kunakili ubaoni. Akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Aruhusiwe kutoka dakika chache kichwa kikianza, bila kuomba kwa kujieleza mbele ya darasa. Asifanye majaribio ya kupewa alama kwa sasa. Prepu ya usiku asamehewe, alale. Asibebe ndoo ya maji kichwani, asipande miti wala juu ya paa. Alale kitanda cha chini, kwa sababu kuanguka kutoka kitanda cha juu kwa kijana mwenye kizunguzungu si jambo la kufikirika. Na asipigwe kofi la kichwa na mtu yeyote, awe mwalimu au kaka mkuu, wala kugongwa kwa utani bwenini. Andikeni hilo waziwazi. Mkiona aibu kuliandika, litatokea. Bahati nzuri kidato cha tatu hakina mtihani wa NECTA. Angekuwa kidato cha nne tungekuwa na mazungumzo mazito zaidi, ila hapa muda upo.

Nimalizane haraka na dawa. Paracetamol ni sawa siku kichwa kinapouma sana, kwa kipimo kilichoandikwa, lakini isiwe kila siku. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kuanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Hesabu alizomeza wiki hizi tatu. Soma pakiti pia, maana baadhi ya dawa za kichwa za dukani zina aspirini na kafeini ndani, na hizo simtaki nazo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, hapana. Na kama kichwa kimeambatana na homa, usisingizie mpira: akapimwe malaria siku hiyohiyo. Homa na shingo iliyokakamaa, hospitali mara moja.

Sasa hasira, na bibi. Mama, huyu ni kijana aliyekatizwa usingizi, aliyetengwa na wenzake, anayeumwa na kitu ambacho hakina bandeji wala plasta, na anayesikia kupitia ukuta baba yake akisema anadeka. Juu ya hayo, mtikisiko wenyewe hugusa sehemu za ubongo zinazosaidia mtu kuzuia maneno yasimtoke. Amekosea kumjibu bibi yake, na akitulia amwombe radhi, maana heshima haisimamishwi na ugonjwa. Ila bibi naye aelezwe kwamba hiyo ni dalili ya ugonjwa, mjukuu wake hajageuka tabia. Kuhusu maombi, mimi sina ugomvi nayo hata kidogo, na bibi akimwekea mkono mjukuu wake akamwombea pale sebuleni, hiyo ni faraja ambayo kidonge hakina. Ninachokataa ni mkesha wenye spika mpaka alfajiri, kufunga chakula, kufukizwa moshi kichwa kikiwa chini ya shuka, au mtu kumtikisa na kumsukuma aanguke. Mwambie bibi kwa lugha hiyohiyo: daktari amesema aombewe kwa utulivu, na saa tatu usiku awe kitandani.

Lakini muangalie kwa jicho la pili. Kama huzuni inazidi, hataki kula, hataki hata kitu alichokuwa anakipenda, au anatamka kwamba heri asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizi wazo. Akijibu ndiyo, au akikwepa jibu, usimwache peke yake na nendeni hospitali.

Nimeacha mpira mwisho kwa sababu hapo sina njia ya katikati. Hachezi. Mashindano ya UMISSETA yakiwa ndani ya wiki chache zijazo, ya mwaka huu yamempita.

Mwaka 2013 huko Ottawa, Kanada, msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake, aligongwa kichwa mara kadhaa ndani ya siku chache. Alikuwa akitafuta kwenye simu yake dalili za mtikisiko wa ubongo. Wazazi wake hakuwaambia, aliendelea kucheza. Pigo la mechi ya mwisho likaufanya ubongo uvimbe, akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake. Kifo cha namna hii ni nadra sana, nalisema hilo ili usiogope kivuli. Lakini karibu wote kinaowapata ni vijana waliorudi uwanjani kabla ubongo haujarudisha hesabu zake, na hakuna daktari anayeweza kumwokoa kwa uhakika baada ya uvimbe kuanza. Kisichokuwa nadra ni pigo la pili linalogeuza wiki nne kuwa miezi mingi. Zaidi ya hayo, kijana mwenye kizunguzungu na macho yasiyokutana anachelewa kukwepa, kwa hiyo yeye ndiye atakayegongwa tena.

Angalia pia alichofanya yule binti: aliwaficha watu wazima. Vijana hufanya hivyo kwa ajili ya timu. Ndiyo maana nataka mwalimu wa michezo asikie kutoka kwenu wawili mkiwa pamoja, na nataka asimwulize kijana mbele ya wenzake "uko fiti?" Jibu lake litakuwa ndiyo.

Atarudije, basi? Kwanza shule siku nzima bila dalili. Hicho ndicho kizingiti, na masomo yanatangulia mpira daima. Wakati huo kutembea kumeshakuwa kukimbia polepole, kisha mazoezi ya mpira peke yake, pasi na kukimbia na kona, bila mtu wa kumgonga na bila kupiga mpira kwa kichwa. Hapo daktari anampima. Akiruhusiwa ndipo mazoezi kamili na timu, na baada ya hayo mechi. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani na shuleni unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku ya 21, tena awe amekaa siku 14 bila dalili akiwa ametulia. Mimi ninaupenda kwa sababu hauachi nafasi ya mabishano pembeni mwa uwanja. Kwa mwanao zile siku 14 bado hazijaanza kuhesabiwa.

Mkimbize hospitali, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya: kichwa kinazidi badala ya kupungua, anatapika tena na tena, anapatwa na degedege, usingizi mzito usioamshika, maneno yanaburuza, mkono au mguu mmoja unalegea, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, maji meupe yanachuruzika puani au sikioni, au anachanganyikiwa asijue yuko wapi. Wiki tatu zimepita na picha ilikuwa safi, kwa hiyo sitarajii. Lakini kuna damu ambayo huvuja polepole ikajionyesha baada ya wiki, na inatibika ikiwahiwa.

Bila dalili hizo, mpe wiki moja ya utaratibu huu mpya. Ikipita siku ya 28 na bado kichwa kinamzuia kusoma, msisubiri tena kwa matumaini. Nendeni hospitali ya rufaa, na muombe mambo manne yaangaliwe: shingo, kizunguzungu na uwezo wa kusimama sawa, macho, na usingizi pamoja na hisia zake, kama ana huzuni au wasiwasi. Kila moja lina tiba yake. Shingo iliyokaza pekee inaweza kuendeleza maumivu ya kichwa kwa miezi, na mfiziotherapia mzuri, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, huipunguza. Msiende kwa wa kunyonga shingo mtaani. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ndiyo yenye wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu upande wa upasuaji. Kaskazini kuna KCMC ya Moshi, ambako wafiziotherapia wamekuwa wakifundishwa kwa miaka mingi. Kanda ya Ziwa kuna Bugando. Kama aliwahi kupata mtikisiko kabla ya huu, au ana historia ya kipandauso, waambieni mapema, kwa sababu hao huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Beba lile daftari la namba na pakiti za dawa alizotumia. Baba yake aje pia. Asikie mwenyewe kutoka kwa daktari, utapunguza mabishano ya jioni. Na mkifika, mwombe daktari aanze na kijana peke yake kwa dakika chache, ninyi mkiwa nje kwenye benchi. Vijana wengi husema namba halisi ya maumivu yao mlango ukishafungwa.